Mchanga Usioonekana Kwenye Stiki

Fundi alinishika kiganja, akakiingiza ndani ya silinda ya kwanza kama anayemfundisha kipofu kusoma.

"Pandisha ukucha taratibu, mzee. Ukikwama, sema."

Ukakwama. Karibu na mdomo wa silinda, pale ringi ya juu ya pistoni inapogeukia, palikuwa na kingazi chembamba ambacho jicho halikukiona. Chini ya kingazi hicho chuma kilikuwa kimeliwa. Juu yake, ambako ringi haifiki, chuma kilibaki na unene wake kilioondoka nao Japani.

Nilijitetea. Oili ya gari langu, Noah ya petroli niliyoinunua ikiwa imeshatumika, nilikuwa naimwaga kila kilomita 5,000 bila kukosa. Vile vikadi vinavyoandikwa kilomita za kurudi gereji nilikuwa navyo vyote kwenye droo ya dashibodi, vimepangwa. Kila nilipochomoa stiki asubuhi nilikuta oili ya rangi ya asali. Sasa ilikuwaje injini ikaanza kula oili, ikatoa moshi wa bluu, na hatimaye ikafunguliwa mbele ya macho yangu pale mtaa wa Gerezani, sehemu zake zimetandazwa juu ya boksi kama samaki wa mnada?

Fundi hakubishana. Alikwenda kwenye zile sehemu, akarudi na filta ya hewa, akaiinua kuelekea jua. Kwenye mkunjo mmoja wa karatasi yake, nuru ilipenya kwenye tundu la ukubwa wa punje ya mtama.

"Hapa ndipo Singida ilipopita," akasema.

Singida ndiko kwetu. Kila mwaka naenda mara mbili au tatu, na lami inapoishia bado kuna mwendo wa vumbi jekundu hadi uwanja wa nyumba ya marehemu baba. Safari moja ya kurudi, vijana wa gereji ya njiani waliniona nimechafuka, wakanihurumia. Walifungua kasha la filta ya hewa, wakaipuliza kwa kompresa hadi mikunjo ikalia, wakairudisha. Hawakutaka hata senti. Nikawapa soda na kuwashukuru kwa moyo mweupe kabisa. Mpira wa ile kompresa ndio uliotoboa karatasi, na kwa miezi kadhaa baadaye injini yangu ilikuwa inavuta pumzi kupitia kidonda.

Mtu akisikia neno "oili chafu" hufikiria ule weusi unaoonekana. Na mimi nilifikiria hivyo. Lakini weusi, mara nyingi, ni dalili kwamba oili inafanya kazi yake. Ndani ya oili ya kisasa mmetiwa viungo viwili vikubwa vya usafi: kimoja ni jamii ya sabuni, chenye madini kama kalisi, kinachoosha vyuma na kuua asidi, kingine huyashika masizi na kuyatenganisha ili yasigande pamoja yakawa tope. Masizi hayo yanaelea humo kama majani ya chai, oili ikawa nyeusi, na vyuma vikabaki safi. Ndiyo maana Coaster ya dizeli ikimwagwa oili asubuhi, jioni stiki imeshakuwa nyeusi tititi, na dereva wa daladala mwenye miaka kazini hata hashtuki. Dizeli hutoa masizi mengi kuliko petroli. Oili ya dizeli isiyobadilika rangi kabisa ndiyo ingenitia wasiwasi.

Kinachotafuna injini hakina rangi ya kutisha. Injini inapozunguka, krenki haigusi beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili, kama ngalawa juu ya maji. Unene wa utando huo ni maikroni chache, na mahali pengine hupungua hata chini ya moja. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una maikroni kama 70. Sasa chukua punje ya vumbi yenye maikroni 10. Jicho haliioni, kwa sababu bila darubini jicho letu huanza kushindwa kwenye maikroni 40 hivi. Lakini kwenye nafasi ile nyembamba punje hiyo ni jiwe. Inagusa huku na huku kwa wakati mmoja, inachimba, na kinachochimbuliwa nacho ni punje mpya ya chuma itakayokwenda kuchimba pengine. Punje kubwa sana hazina madhara kiasi hicho, maana filta huzidaka. Zile ndogo kuliko utando hupita bila kugusa kitu. Mwizi ni yule wa katikati, wa maikroni 5 hadi 20.

Ubaya mwingine ni kwamba sehemu kubwa ya vumbi la barabara zetu ni mchanga uliosagika, na mchanga ni mgumu. Jaribu nyumbani: msumari wa kawaida haukwaruzi kioo cha dirisha, lakini mchanga hukikwaruza. Waliounda injini wanalijua hilo. Beringi za konrodi hutandikwa chuma laini kwa makusudi, ili punje zikifika zizame humo badala ya kuichana krenki. Lakini hata godoro lina kiasi chake cha kubeba watu.

Basi vumbi huingiaje kwenye oili, wakati oili imefungiwa ndani ya injini? Hili ndilo swali nililopaswa kuuliza miaka kumi iliyopita. Sehemu kubwa huingia na hewa. Gari ya petroli ikiunguza lita moja ya mafuta huvuta karibu lita 9,000 za hewa. Toka Dar es Salaam hadi Singida ni kama kilomita 700. Kwa gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita, hiyo ni hewa ya kujaza yale matangi meusi ya maji ya lita 5,000 zaidi ya 120. Yote inapita kwenye karatasi moja iliyokunjwakunjwa. Punje inayoponyoka hapo hunasa kwenye ukuta wa silinda wenye oili, inasagwa kati ya ringi na ukuta, kisha ringi inaifagia hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Kuanzia hapo imeshakuwa abiria wa oili, inazungushwa injini nzima. Kingazi kile kilichokwamisha ukucha wangu, huko ndiko kilikotoka.

Na karatasi ile ina tabia ya ajabu. Filta ya hewa ikitumika kidogo hudaka vizuri kuliko ikiwa mpya, kwa sababu vumbi lililotangulia huziba vitundu na kuwa chujio juu ya chujio. Kwa hiyo anayeipuliza kila Jumamosi anaondoa ulinzi aliokuwa ameshaupata bure, mbali na hatari ya kuipasua. Mimi sasa huigongagonga taratibu kwenye kiganja nikirudi kutoka Singida, naimulika kwa tochi kutoka ndani, na nikiona nuru ya tundu naitupa. Kupuliza, ikibidi, ni kwa upepo mdogo, toka ndani kwenda nje.

Madereva wa watalii wa Arusha walinizidi akili zamani. Barabara ya kutoka Ngorongoro kupitia Naabi hadi Seronera inapita kwenye nyanda ambazo udongo wake ulitokana na majivu ya volkano, na majivu hayo yakisagwa na matairi huwa laini kama unga wa sembe. Land Cruiser zao zina bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi juu ya paa. Wengi wetu tunadhani bomba lile ni la kuvukia mito. Mito ni mara moja moja. Vumbi ni kila siku, na hewa ya juu ya paa ina vumbi kidogo kuliko ya nyuma ya tairi la mbele. Baadhi wameweka kibuyu juu yake kinachozungusha hewa ili punje nzito zitupwe pembeni kabla ya kufika kwenye karatasi. Na wanaachiana nafasi barabarani. Anayemfuata mwenzake kwa karibu anakula vumbi lake, yeye na injini yake.

Kuna mlango mwingine wa hewa ambao karibu kila mtu anausahau: mpira unaotoka kwenye kasha la filta kwenda kwenye injini. Ukipasuka, au klipu yake ikilegea, hewa hupita njia ya mkato na filta inabaki pambo. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole, pangusa ndani ya mpira huo, upande wa baada ya filta. Kikitoka na wekundu, tafuta ufa. Kazi hiyo ni ya dakika mbili na haina gharama.

Halafu kuna uchafu tunaoumwaga humo wenyewe. Kwenye gereji nyingi faneli ni chupa ya maji iliyokatwa kitako, nayo hulala chini mchangani ikisubiri gari linalofuata. Oili mpya, kopo limefunguliwa mbele ya mteja ili aridhike, inapitishwa humo humo. Nimeona pia mdomo wa injini ukiachwa wazi wakati kijana ametumwa dukani, na gari za mtaani zinapita zikitimua vumbi. Oili ya kupima, ile inayotolewa kwenye pipa kwa pampu, huenda ilikuwa nzuri ilipotoka kiwandani. Swali ni pipa hilo limekaa wazi siku ngapi. Mimi natembea na faneli yangu kwenye mfuko wa plastiki. Mafundi wananicheka.

Uchafu ukishaingia, tunategemea filta ya oili. Lakini injini zilikwenda miaka mingi bila filta hiyo kabisa. Magari ya mwanzo yalikuwa na wavu tu, na wenyewe walibadilisha oili kila baada ya maili mia chache. Mwaka 1923 Mmarekani Ernest Sweetland alikuja na chujio la kufungwa kwenye mzunguko wa oili, akaliita Purolator, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "oili safi baadaye". Ya leo, kile kikopo cha chuma kinachofunguliwa kwa kuzungushwa, ni mjukuu wake.

Tunaiamini mno filta hiyo. Filta nyingi za kawaida hudaka vizuri punje za maikroni 20 hadi 40 kwenda juu. Zile za katikati, wale wezi wetu, nyingi hupita mara kadhaa kabla ya kunaswa, kama zitanaswa. Wahandisi wangeweza kuweka karatasi ya vitundu vidogo zaidi, lakini ingeziba haraka na injini ingekosa oili. Kwa hiyo filta nyingi zina mlango wa dharura: karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kupita kiasi, vali hufunguka na oili hupita moja kwa moja bila kuchujwa. Mantiki yake ni kwamba oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Lakini dereva hajui mlango huo umefunguka lini. Hakuna taa inayowaka.

Na hapa nitakosana na mafundi kadhaa. Gari nyingi tulizoagiza Japani zimeundwa kwa oili nyepesi, 5W-30 au hata 0W-20, na huku zikifika tunazijaza 20W-50 kwa hoja kwamba joto la Dar linataka oili nzito. Kwa injini kuukuu iliyokwisha kuchoka, hoja hiyo ina mashiko, maana nafasi zimeshapanuka. Kwa injini nzima, oili nzito asubuhi inasukumika kwa shida, inaweza kuufungua ule mlango wa dharura, na inachelewa kufika juu ya silinda hedi. Injini za VVT-i zinatumia oili yenyewe kama mkono wa kupindulia kemushafti, na njia yake ina kijichujio chembamba kinachozibwa na tope. Kitabu cha gari kisomwe. Kama ni cha Kijapani, namba za oili hazihitaji mkalimani.

Desturi ya kubadilisha filta moja kwa kila oili mbili nayo ina hesabu yake mbaya. Ndani ya filta kuukuu hubaki oili ya zamani kama glasi moja, na karatasi iliyokwisha kushiba. Ni sawa na kuoga na kuvaa soksi zilezile.

Lipo jambo jingine la foleni. Gari inayotoka Mbezi hadi Posta kwa saa mbili imeandika kilomita chache kwenye dashibodi, lakini injini imezunguka saa mbili kamili. Kadi ya gereji haihesabu saa. Na ile inayokwenda kilomita mbili dukani na kurudi, kila siku, haipati joto la kutosha kukausha mvuke wa maji unaojikusanya ndani, wala petroli inayoteremka kwenye sampu. Ukifungua kifuniko ukakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, inaweza kuwa ni mvuke huo tu, au gasketi ya silinda hedi imekwenda na maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Angalia kiwango cha maji kabla ya kuanza kuomba.

Siku ile Gerezani niliuliza kama kuna njia ya kuijua oili bila kuifungua injini. Fundi akanionyesha ya karatasi, na tangu hapo imekuwa mchezo wangu wa Jumapili. Unahitaji karatasi nzito isiyong'aa; mimi natumia migongo ya kadi za michango ya harusi, ambazo ninazo za kutosha maisha yangu yote. Injini ikiwa ya moto, umeizima muda mfupi uliopita, chomoa stiki na udondoshe tone moja. Iweke kadi juu ya mdomo wa kikombe ili chini pasiguse kitu, iache saa kadhaa.

Tone litajichora lenyewe. Oili nzuri husambaa, hata kama ni nyeusi, weusi ukififia taratibu kuelekea nje kama wino kwenye pamba. Hiyo bado ina nguvu ya kuyabeba masizi. Ikibaki doa jeusi zito katikati lenye ukingo mkali, na nje yake duara jeupe, masizi yameshaanza kugandana, na safari ijayo yatatua kwenye vyuma. Ukingo wenye menomeno hudokeza maji. Duara pana la nje, jepesi na la manjano, ni mafuta ya petroli au dizeli yaliyoingia. Kuhusu maji kuna pia njia ya jikoni: tone kwenye bati la moto likilia kama kitunguu kilichotupwa kikaangoni, lina maji. Tone kavu hunyamaza na kutoa moshi tu.

Karatasi haionyeshi mchanga. Hilo ni la maabara. Mwaka 1946 watu wa reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani walianza kupima madini yaliyomo kwenye oili ya vichwa vyao vya treni ya dizeli ili wajue ugonjwa kabla ya chuma kuvunjika: chuma cha kawaida kikizidi ni silinda, risasi na shaba ni beringi, alumini ni pistoni, na silikoni ikipanda pamoja na vyote hivyo, vumbi limeingia. Migodi mikubwa hufanya hivyo kwa malori yake. Mimi mwenye Noah moja naikata filta kuukuu kwa msumeno, nafungua mikunjo na kuitazama juani. Nikiona mng'aro wa chuma, napiga simu kwa fundi.

Jambo moja la kuepuka ni kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa kabla ya kutia oili mpya. Tope lililolala miaka halikuwa likimsumbua mtu. Ukiliamsha kwa mpigo mmoja litatembea kama bonge hadi kwenye wavu wa pampu, na injini itanoki ukiwa umeanza kujisifu kwa usafi. Injini chafu husafishwa polepole, kwa oili nzuri inayobadilishwa mapema mara mbili tatu.

Bodaboda wana somo lao. Nyingi za pikipiki zile za Kichina zina oili kama lita moja tu, hazina filta ya karatasi, zina wavu na kibakuli kinachozunguka kutupa uchafu pembeni. Oili hiyo hiyo inalainisha injini, gia na klachi. Kwa hiyo kijana anayemwaga oili kila baada ya wiki mbili ndiye mwenye akili, hata kama abiria wake anamwona anaharibu pesa. Asitie tu ile ya magari madogo iliyotiwa viungo vya kuteleza, maana klachi nayo itateleza; ya pikipiki huandikwa JASO MA kwenye kopo. Na kopo likiisha mimi hulitoboa kwa msumari. Makopo mazima yana wanunuzi, na sitaki kukutana na langu tena dukani likiwa limejazwa kitu kingine.

Injini ya Noah ilichongwa, ikapata pistoni za saizi ya juu na ringi mpya. Bei siitaji, mke wangu husoma gazeti hili.

Mwezi uliopita nilirudi Gerezani kumwaga oili. Fundi aliikinga kwenye beseni, akaimimina kwenye dumu. Pembeni alikuwa amesimama seremala mwenye dumu lake tupu. Hupaka oili chafu kwenye nguzo zake za uzio ili mchwa wasizile. Akainama, akachovya kijiti, akakitazama kwenye mwanga huku mimi nikisubiri kwa fahari fulani ya kipumbavu.

"Hii hapana, fundi," akasema, akakifuta kijiti kwenye tairi. "Haijakolea. Nitasubiri ya Fuso."